Sauti ya mashine simuni? Kata, usibonyeze

SIMU ya nyumbani yalia, unaipokea, kumbe ni sauti iliyorekodiwa ikikuuzia bima. Nchini Marekani, kero hii ilichangia kufunguliwa, mwaka wa 2003, kwa sajili ya wasiotaka simu za mauzo. Kujiandikisha ni bure.

Aidha, tangu Septemba 2009 ni haramu kuuza bidhaa kwa sauti iliyorekodiwa bila idhini ya maandishi ya anayepigiwa. Hivyo basi, simu ya aina hiyo usiyoiidhinisha yaelekea kuwa ya matapeli, ambao hawajali sajili wala sheria.

Ukiambiwa ubonyeze nambari ili uondolewe orodhani, usithubutu. Utakuwa umethibitisha kwamba simu yako ina mwenyewe, na nyingine zitafuata. Kata, kisha uripoti kwa Tume ya Biashara ya nchi hiyo.