Taa za Ulinzi na Mitambo Inayoziamuru

Askari wa zamu hukuta taa za ua wa ghala zikiwaka saa nne ya asubuhi, na usiku wa jana yake ua huo ulikuwa gizani hadi saa tano. Neno la kwanza husemwa kwamba taa zimeharibika, na balbu mpya huagizwa. Balbu hazina kosa. Kosa limo katika saa inayoziwasha na kuzizima.

Jambo hili lafaa kueleweka hasa huku Ajia na sehemu nyingine za Arua na Koboko. Kabla ya mwaka 2012, kituo cha maji cha Nyagak chenye uwezo wa megawati 3.5 kilipoanza kazi, eneo hili lilitegemea mashine za mafuta. Gridi ya taifa ilifika mwaka 2024. Saa ya kuwashia taa isiyo na akiba ya nguvu husimama umeme unapokatika, kisha huendelea pale ilipoachia. Umeme ukikosekana kwa saa nne, taa zilizopangiwa saa moja ya jioni zitawaka saa tano ya usiku. Katika muda huo wa giza mlinzi hamwoni anayekaribia uzio. Dawa yake ni kuirekebisha saa, si kununua balbu.

Basi uchunguzi huanza kwa swali: je, zimezimika zote, au moja? Ikiwa moja, atazamwe taa hiyo na vifaa vyake. Taa ya sodiamu inayowaka, ikazimika baada ya dakika kadhaa, kisha ikawaka tena ilipopoa, kwa kawaida imezeeka. Zikizimika zote, shaka huelekea kwenye fyuzi, saa, fotoseli, yaani jicho linalopima mwanga, au kontakta, yaani swichi kubwa inayovutwa kwa sumaku.

Fotoseli hujaribiwa mchana kwa kufunikwa kitambaa cheusi. Asiwepo mwenye haraka: nyingi hungoja kidogo, ili wingu au taa za gari zisizidanganye. Kontakta ikilia «ta!» na taa zisiwake, amri imefika, bali huenda ncha zake zimeungua au waya wa mbele umekatika. Isipolia, amri yenyewe haijafika, au koili imekufa.

Taa zinazowaka mchana kutwa huchanganya wengi. Fotoseli nyingi za barabarani zimeundwa kwa makusudi ziache taa zikiwaka zinapoharibika, maana mwanga wa bure ni hasara ndogo kuliko giza. Lakini pengine ncha za kontakta zimegandana kwa joto. Fundi huondoa umeme wa amri peke yake. Taa zikiendelea kuwaka, ncha zimegandana.

Kazi ya mlinzi ni kuandika katika kitabu cha zamu: saa, taa zipi, kama mvua ilinyesha, kama umeme ulikatika. Kufungua sanduku ni kazi ya fundi, naye azime swichi kuu, aifunge kwa kufuli, na akijaribu kipimo chake kwanza mahali penye umeme. Taa iliyozimika kwa amri ya fotoseli si taa iliyokatiwa umeme. Jua likizama, karibu saa moja ya jioni, volti 240 hurudi zenyewe, na fundi bado yuko juu ya ngazi.