Winga Hahukumiwi kwa Bao Moja

Timu ikifungwa 4-0, lawama hugawanywa: kipa anapata yake, mabeki wanapata yao, kocha anapata yake. Ikifungwa 1-0, lawama zote huishia pembeni, kwa yule kijana mfupi mwenye mbio aliyekosa nafasi zikiwa zimebaki dakika kumi. Hapa Baraka, katika eneo la Fizi mashariki mwa Kongo (DRC), hukumu hutoka kabla watu hawajamaliza kutoka kwenye chumba cha video: "Yule ameisha." Nataka kueleza ni lini mtu ana haki ya kusema hivyo, na kwa nini mara nyingi hana.

Tuanze na kipigo ambacho Fizi nzima inakikumbuka. Tarehe 7 Februari 2024, katika uwanja wa Ebimpé mjini Abidjan, Leopards, timu yetu ya taifa, walifungwa 1-0 na Côte d'Ivoire kwenye nusu fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika. Wakati wa wimbo wa taifa wachezaji wetu walifunika midomo kwa kiganja cha mkono mmoja, na mkono wa pili wakaelekeza vidole viwili kwenye panja, mfano wa bunduki, ili dunia itazame kinachotendeka huku mashariki. Kwa wengi wetu ishara ile ilizidi matokeo. Lakini ndiyo iliyofanya kipigo kiwe kichungu zaidi, na uchungu ni mwamuzi mbaya wa kiwango cha mchezaji. Kesho yake lawama ziliwaangukia watu wa mbele: hawana makali, hawajui kumalizia, wamechoka.

Hebu tufungue hesabu ya mashindano yale. Leopards walicheza mechi 7. Walitoka 1-1 na Zambia, 1-1 na Morocco, 0-0 na Tanzania. Wakatoka 1-1 na Misri na kuitoa kwa penalti 8-7, kipa Lionel Mpasi mwenyewe akifunga ya mwisho. Wakaifunga Guinea 3-1. Kisha kipigo cha Abidjan, na mwisho 0-0 na Afrika Kusini kabla ya kupoteza nafasi ya tatu kwa penalti. Ukiacha mikwaju ya penalti, timu ile ilishinda mechi moja, ikafungwa moja, na tano zikaisha sare. Hiyo ndiyo ilikuwa sura yake tangu siku ya kwanza: inafungwa kidogo, inafunga kidogo, inaishi kwenye uzi mwembamba. Siku ya nusu fainali uzi ulikatika. Kiwango kilikuwa kilekile.

Sasa mabao. Yalikuwa 6 kwa jumla. Yoane Wissa alifunga mawili, moja dhidi ya Zambia na moja la penalti dhidi ya Guinea. Silas aliisawazishia timu mbele ya Morocco. Meschack Elia aliifunga Misri kwa kichwa, yeye ambaye hakuna beki anayemwogopa kwa urefu. Mabao mawili yaliyobaki, yote dhidi ya Guinea, yalifungwa na mabeki: nahodha Chancel Mbemba, na Arthur Masuaku kwa mpira wa adhabu. Maana yake ni kwamba mabao manne kati ya sita yalitoka kwa watu wa pembeni. (Silas ni mrefu, simhesabu kati ya wale wafupi, ila kazi yake ni ya pembeni vilevile.) Mshambuliaji wa kati, Cédric Bakambu, aliondoka Côte d'Ivoire bila bao, na penalti yake dhidi ya Morocco ilipotea. Simwandami Bakambu, ameifungia nchi hii mengi. Nasema tu kwamba waliolaumiwa kwa ukame wa mabao ndio hasa waliokuwa wakiyaleta.

Kuna jambo la hesabu ambalo mashabiki wengi hawaelezwi. Penalti katika soka la kulipwa huingia karibu mara tatu katika kila nne. Shuti la kawaida huingia takriban mara moja katika kila kumi, na la winga anayepiga kutoka pembe finyu huwa chini ya hapo. Chukua winga anayepiga mashuti mawili kila mechi, tena mazuri, kila moja likiwa na nafasi ile ya moja kwa kumi. Baada ya mechi 5 amepiga mashuti 10. Uwezekano wa yote kumi kukosa ni karibu asilimia 35. Yaani katika mawinga watatu walio katika hali nzuri kabisa, mmoja anaweza kumaliza mechi tano bila bao na asiwe amepungukiwa na chochote. Kumwita "ameisha" baada ya mechi moja ni kucheza kamari.

Tazama pia bao lenyewe la nusu fainali. Dakika ya 65 Max-Alain Gradel, winga mkongwe, alipiga krosi. Sébastien Haller aliupiga mpira ukagonga ardhi, ukapaa juu ya Mpasi na kuingia. Kama mpira ule ungedunda chini kidogo, Mpasi angeudaka, na Gradel angekuwa mzee aliyepaswa kupumzishwa. Krosi ingekuwa ileile, mguu uleule.

Basi mtaalamu anatazama nini? Kwanza, winga anapokelea mpira wapi na amegeukia wapi. Winga aliye vizuri hupokea akiwa nusu ameshageukia goli, beki wa pembeni akiwa bado anatafuta miguu yake. Aliyeshuka hupokea akiwa ameelekea kipa wake mwenyewe, kisha anarudisha nyuma. Watazamaji humsifu kwamba "hapotezi mpira," kumbe ameacha kazi. Hapa ndipo ninapotofautiana na makocha wengi wa kwetu: winga anayepoteza mipira sita kwa kujaribu kupiga chenga ana afya kuliko asiyepoteza hata mmoja. Dalili ya kwanza kabisa ya kiwango kuporomoka ni kujificha. Mchezaji anakosea mara moja, kisha dakika kumi zinazofuata unamwona amesimama nyuma ya beki, mahali ambapo hakuna mwenzake anayeweza kumpa pasi. Hilo halionekani ukifuata mpira kwa macho. Inabidi umfuate yeye.

Pili, sekunde tano baada ya mpira kupotea. Je, anarudi kumbana aliyeuchukua, au anainua mikono kumlalamikia mwamuzi? Hili Waaustralia wamelifanya elimu. Mpira wao ni mwingine: wa mviringo wa yai, wachezaji 18 kila upande, bao la katikati ya nguzo mbili ndefu lina pointi 6, na likipita pembeni kidogo lina pointi 1. Kule wapo washambuliaji wadogo ambao kazi yao ni kusubiri chini ya warefu, mpira ukianguka waudake. Wachambuzi wao hawawapimi kwa mabao peke yake. Wanahesabu pia ni mara ngapi wamemkamata mpinzani karibu na goli lake ili asitoke na mpira. Mshambuliaji mdogo anaweza kumaliza mechi bila bao akasifiwa kwamba alikuwa moto.

Wana sababu ya kuwa waangalifu na matokeo finyu. Fainali yao ya 30 Septemba 2023 mjini Melbourne, Collingwood iliishinda Brisbane kwa pointi 90 kwa 86. Brisbane ilikuwa na mabao kamili 13, mshindi 12. Tofauti ililetwa na vile vipointi kimojakimoja. Mchezaji bora wa siku hiyo, Bobby Hill, ni mmoja wa wale wadogo, na alifunga manne. Ungeweza kusema Brisbane wavunje safu yao ya mbele. Mwaka uliofuata walirudi fainali wakachukua kombe kwa tofauti ya pointi 60.

Tatu ni uchovu. Leopards walicheza mechi sita ndani ya siku 22 kufikia nusu fainali, na ile ya Misri ilikwenda dakika 120. Winga hukimbia mbio fupi za kasi nyingi kuliko karibu kila mtu uwanjani, na kasi ndiyo ya kwanza kuondoka. Aliyechoka si aliyeisha. Wa kwanza anahitaji siku nne, wa pili anahitaji kazi nyingine.

Na hapa naingia Baraka kabisa, maana kwetu uchovu una sura yake. Vijana wengi wa timu za mtaa ni wavuvi au ndugu za wavuvi. Ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, huvuliwa usiku kwa taa, na kijana aliyekesha ziwani akitokea upande wa rasi ya Ubwari hawezi saa tisa alasiri kumkimbiza beki aliyelala kitandani. Mwezi ukiwa mkali uvuvi husimama, kwa kuwa samaki hawaifuati taa, na vijana hulala. Kocha anayetaka kujua kiwango cha kweli cha winga wake aulize kwanza mwezi ulikuwaje wiki ile. Ongeza viwanja vyenye mchanga na changarawe, ambako mguso wa kwanza unategemea jiwe, na utaona kwamba mechi moja ya Jumapili inatuambia machache sana.

Kifaa kinachohitajika ni daftari la shule na mtu mmoja asiyeshangilia. Amfuate winga mmoja tu, dakika 90. Achore mistari mitatu: alipokea mara ngapi akielekea goli, alijaribu kumpita beki mara ngapi, awe amefaulu au la, na mpira ulipopotea alirudi mara ngapi kumbana mtu. Afanye hivyo mechi nne au tano. Kama mistari yote mitatu inashuka, na kijana amelala vizuri, basi mwite mzungumze, kuna tatizo. Kama mistari imesimama na mabao tu ndiyo hayapo, mwache acheze.

Elia mwenyewe ni mfano. Tarehe 7 Februari 2016, miaka minane kamili kabla ya usiku wa Abidjan, alifunga mabao mawili mjini Kigali, Leopards wakiifunga Mali 3-0 katika fainali ya CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani, naye akatajwa mchezaji bora wa mashindano. Aliyemwona siku ile tu angesema huyu hazuiliki. Aliyemwona siku ya Haller tu angesema hana kitu. Wote wawili wangekuwa wamechungulia dirishani.

Tulirudia mchezo uleule tarehe 6 Januari 2026 mjini Rabat, kwenye Kombe la Mataifa lililofuata, Algeria ilipotutoa 1-0 katika muda wa nyongeza, bao la dakika ya 119 la Adil Boulbina aliyekuwa ametoka benchi muda mfupi tu. Lawama zikaenda pembeni tena. Hukumu yangu ni kwamba swali la Leopards halipo kwa mawinga. Lipo katikati, kwa nani anayefika kwenye krosi zao, na kwa kiungo anayewapa mpira mapema kabla beki wa pili hajafika. Makocha wa Fizi wenye tatizo hilohilo, na ni wengi, wamtazame kiungo wao kabla ya kumwambia kijana wa pembeni avue jezi.