Bima ya Nyumba Wakati wa Maafa: Je, Serikali Ichangie?

Jumamosi moja baada ya sala ya jumuiya, mama mmoja wa hapa Mkuyuni alinivuta pembeni akaniuliza: "Frateri, pikipiki ya mwanangu haitembei barabarani bila bima, askari wanamsimamisha. Nyumba ninayolala mimi na wajukuu haina bima na hakuna anayeuliza. Imekaaje hiyo?" Nilicheka nikidhani ni utani. Halafu nikakumbuka kwamba msimu wa mvua uliopita maji ya mto yaliingia kwake hadi usawa wa kitanda, nikaona sina jibu la kumpa. Makala hii ni jaribio la kumjibu yeye, na wengine ambao huenda wamewahi kujiuliza swali hilohilo.

Jibu la juujuu ni jepesi. Sheria hulazimisha bima ya chombo cha moto kwa ajili ya mtu wa tatu, yaani yule atakayegongwa. Nyumba ikibomoka, sheria huona aliyeumia ni mwenye nyumba tu, na mtu ana uhuru wa kutojilinda. Lakini anayeishi kati ya miamba na mabonde ya Mwanza anajua kwamba mambo hayako hivyo. Ukuta wa nyumba ya juu mlimani ukianguka, humwangukia jirani wa chini. Familia iliyopoteza nyumba huhamia kwa ndugu mwenye vyumba viwili, watoto hukosa shule, na jumuiya nzima huanza kuchanga. Hasara ya nyumba moja haibaki kwenye nyumba moja.

Na hapo kwenye kuchanga ndipo inafaa tuanzie, kwa sababu bima si kitu kigeni kwetu kama tunavyodhani. Chama cha kufa na kuzikana ni bima. Kila mwezi unatoa kiasi kidogo ukiwa mzima, ili siku ukifiwa wenzako wasianze kutafuta fedha ya jeneza. Papa Leo XIII, katika waraka wake Rerum novarum wa 1891, alivitaja kwa sifa vyama vya kusaidiana vinavyomwangalia mfanyakazi, mjane na yatima wake wakati wa ajali ya ghafla, ugonjwa au kifo. Alikuwa akiwazungumzia wafanyakazi wa Ulaya, lakini angeweza kabisa kuwa anawazungumzia akina mama wa jumuiya zetu na daftari lao la michango.

Tatizo ni kwamba daftari hilo lina udhaifu mmoja. Linafanya kazi pale bahati mbaya inapochagua nyumba moja kati ya thelathini. Wiki hii amefiwa huyu, mwezi ujao yule, na waliobaki wanabeba. Mto ukifurika hauchagui. Nyumba ishirini za jumuiya ileile zinaingia maji usiku mmoja, na mweka hazina naye anatoa magodoro nje kuyaanika. Nani atamchangia nani? Msimu uliopita jumuiya yetu ilipata fedha ya kununulia mahindi na mablanketi machache tu. Hakuna aliyekuwa mchoyo. Wachangiaji ndio waliokuwa wahitaji.

Basi mtu atasema, tuiachie kampuni ya bima, maana yenyewe ina wateja nchi nzima. Ni kweli, na kampuni zipo. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, inazisimamia chini ya Sheria ya Bima ya 2009. Lakini sekta nzima ya bima nchini ni takribani asilimia 2 tu ya pato la taifa, na nyumba za watu wa kawaida zilizokatiwa bima mara nyingi ni zile zilizowekwa rehani benki. Kwa nini? Tufanye hesabu ya mfano. Chukua nyumba ya shilingi milioni 20 iliyo kando ya mto, na tuseme mara moja kila miaka 10 maji huharibu robo ya thamani yake, yaani milioni 5. Ili kampuni isipate hasara inapaswa kukutoza 500,000 kwa mwaka, kabla ya mishahara ya watumishi wake, faida, na VAT ya asilimia 18. Nyumba ya namna hiyohiyo iliyo mahali salama, ikipata hasara kama hiyo mara moja katika miaka 200, ingetozwa 25,000. Kwa hiyo anayehitaji bima sana hawezi kuilipia, na anayeweza kuilipia haoni sababu ya kuikata. Wanaobaki mlangoni mwa kampuni ni wale wa mabondeni tu, na kampuni inapandisha ada zaidi au inafunga mlango. Hakuna mtu mbaya katika hesabu hii. Soko limefanya kazi yake, na yule mama anayeuza dagaa amebaki nje.

Hapa ndipo swali la Serikali linapoingia. Wengi huliuliza kana kwamba kwa sasa Serikali hailipi chochote, na tunajadili kama ianze kulipa. Sidhani kama ndivyo. Serikali hulipa tayari. Tofauti ni kwamba hulipa baada ya maafa, na bila kanuni ambayo mwananchi anaweza kuitegemea. Tuangalie matukio mawili ambayo wasomaji wengi wanayakumbuka.

Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi lilipiga Kagera. Hata sisi huku Mwanza tulilisikia. Watu wasiopungua 17 walifariki na nyumba zaidi ya 2,000 zilianguka. Misaada ilichangwa ndani na nje ya nchi. Januari 2017 Rais John Magufuli alipokwenda Bukoba alisema wazi kwamba Serikali haitawajengea watu nyumba zao binafsi; fedha zingekwenda kwenye miundombinu ya umma, kama shule za Ihungo na Nyakato zilizoharibika vibaya. Wengi waliumia kusikia hivyo, ingawa hoja yake haikuwa ya kipuuzi: mali ya umma ni ya wote, nyumba ni ya mwenyewe. Kisha, tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe kutoka Mlima Hanang viliufunika mji wa Katesh na vijiji jirani. Watu zaidi ya 80 walifariki. Safari hii Serikali, pamoja na wadau wake, ilijenga nyumba zaidi ya 100 kwa ajili ya walioathirika, katika eneo la Waret.

Nafurahi kwa ajili ya watu wa Hanang. Lakini mjane wa Bukoba akiuliza kwa nini yeye hakujengewa, hakuna kifungu cha sheria cha kumwonyesha. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeanzisha Mfuko wa Taifa wa Usimamizi wa Maafa, na hiyo ni hatua kubwa, ila kuwapo kwa mfuko hakumwambii mwenye nyumba atapata kiasi gani na kwa sharti lipi. Katika darasa la maadili tunafundishwa kutofautisha huruma na haki. Huruma hutegemea moyo wa anayetoa. Haki ni kile ninachokidai kwa sababu ni changu. Msaada wa baada ya maafa, hata ukiwa mkubwa, unabaki upande wa huruma. Bima huuhamisha upande wa haki, kwa sababu mtu ameuchangia na masharti yake yanajulikana kabla mvua haijanyesha.

Kanisa linatupatia kipimo kingine pia. Papa Pius XI katika Quadragesimo anno ya 1931 alieleza kile tunachokiita kanuni auni: mamlaka ya juu isinyang'anye kazi ambayo familia au jumuiya inaiweza, lakini isaidie pale nguvu za wadogo zinapoishia. Wengine huishika nusu ya kwanza wakasema Serikali ikae pembeni. Wengine huishika nusu ya pili wakaitwika Serikali kila kitu. Nimekwisha kuonyesha mahali nguvu zetu zinapoishia. Zinaishia pale wote tunapopigwa kwa pamoja. Kwa hiyo Serikali ina wajibu papo hapo. Haina wajibu wa kunilipia kioo kilichovunjwa na mpira wa watoto.

Ipo hatari, na nisingependa kuipita haraka. Ukimlipia mtu bima ya kuishi mahali pa hatari, unaweza kuwa unamlipa akae hapo. Marekani walianzisha mpango wa taifa wa bima ya mafuriko mwaka 1968, ukiwa na ada nafuu kwa nyumba nyingi za kando ya mito na bahari. Zipo nyumba zilizofurika, zikalipwa, zikajengwa palepale na kufurika tena mara kadhaa. Mwaka 2017 bunge la nchi hiyo lilifuta deni la mpango huo la dola bilioni 16, na bado lilibaki deni la zaidi ya bilioni 20. Waingereza walijifunza. Mpango wao wa kupunguza ada za bima ya mafuriko, ulioanza 2016, hauzihusu nyumba zilizojengwa tangu 2009. Waliokuwapo wanasaidiwa, anayejenga leo bondeni anajua kwamba anajenga kwa gharama yake.

Kwetu mpaka wa namna hiyo si mgumu kuuweka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ziwa. Ziwa lenyewe limetukumbusha maana ya mita hizo: Mei 2020 maji ya Victoria yalifikia na kupita kidogo kipimo cha juu cha mwaka 1964, na waliojenga ufukweni wakidhani maji yamerudi nyuma milele walihama kwa mitumbwi. Ila tuwe wakweli, maskini wa Mkuyuni hakuchagua bonde au mwamba kwa ukaidi. Alinunua kiwanja alichokimudu, mara nyingi mbele ya mwenyekiti wa mtaa na mashahidi wawili.

Je, inawezekana kwa nchi yetu? Majirani wamekwisha kuanza, japo si kwenye nyumba. Kenya ilianza 2015 kuwalipia wafugaji wa kaskazini ada ya bima ya mifugo dhidi ya ukame. Uganda tangu 2016 inamlipia mkulima mdogo nusu ya ada ya bima ya kilimo. Hapa Tanzania bima ya mazao imeondolewa VAT, na mwaka 2023 kampuni za bima ziliungana katika umoja wa bima ya kilimo. Mahindi yamefikiriwa. Nyumba bado.

Ufaransa tangu 1982 kila anayekata bima ya mali hutozwa nyongeza ileile kwa ajili ya maafa ya asili, awe mlimani au bondeni, na serikali imesimama nyuma kama mdhamini wa mwisho fedha zikizidiwa. Sisi hatuna bima za mali za kuongezea nyongeza hiyo, lakini tuna LUKU. Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa humo, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na 1,500 tangu 2023. Tuseme iongezwe 500 ya maafa. Nyumba milioni moja zikichangia, ni bilioni 6 kwa mwaka. Tukiweka malipo ya milioni 3 kwa nyumba iliyoanguka, ambayo hayajengi upya nyumba nzima bali hununua bati, saruji na kodi ya miezi michache, bilioni 6 zinatosha nyumba 2,000. Hiyo inakaribia idadi ya Kagera. Sehemu ya Serikali ingekuwa kuzilipia kaya zilizo kwenye orodha ya TASAF, na kuubeba mfuko mwaka ambao mambo yamezidi. Najua kelele zitakazotokea: wapangaji ndio wanaonunua umeme, na walikwisha kulalamika kwamba wanalipa kodi ya nyumba isiyo yao. Wana haki. Mchango huo ungepaswa kumpa mpangaji naye fungu lake kwa ajili ya godoro na vyombo, la sivyo tunamchangisha maskini amjengee mwenye nyumba.

Nilirudi kwa yule mama nikamweleza haya yote, pamoja na sharti la mita 60 na mpaka wa mwaka wa kujenga. Alisikiliza vizuri, halafu akanitaka twende tukapime. Kutoka ukuta wake hadi ukingoni nilihesabu hatua arobaini na tatu. Nyumba yake ilijengwa 1998, kabla ya sheria ile, kwa hiyo kwa mpango wangu ingelindwa. Lakini upande wa mtoni kuna chumba na sebule alivyojenga mwanawe wa pikipiki mwaka juzi, baada ya kuoa.

"Na hiki?" akaniuliza.

Nikamwambia hiki hakimo. Hakunijibu. Alikwenda kuanua dagaa, kwa sababu upande wa Nyegezi mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya.