Mradi wa Usanifu kama Darasa la Mawasiliano ya Kitaalamu: Mfano wa Kifaa cha Kumzindua Dereva Anayesinzia

1.0 Utangulizi

Makala haya yanajadili namna mwanafunzi wa uhandisi anavyoweza kujifunza mawasiliano ya kitaalamu kwa kubuni kitu halisi, badala ya kukariri kanuni za uandishi wa ripoti. Kwa mawasiliano ya kitaalamu tuna maana ya matumizi ya lugha yanayomwezesha mtu asiye mtaalamu kutenda jambo la kitaalamu kwa usahihi na kwa usalama. Katika fasili hii kipimo si ufasaha wa mwandishi bali ni kitendo cha msomaji.

Mfano tutakaoutumia ni wa kidhahania, lakini ni wa aina inayojulikana katika vyuo vya uhandisi: kundi la wanafunzi wanne linatakiwa lisanifu kifaa cha kumzindua dereva wa basi anayesinzia. Tatizo lenyewe ni zito. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa husafiri takribani mita 22 kila sekunde. Dereva akifumba macho kwa sekunde tatu, basi limekwenda zaidi ya mita 66 bila mwongozaji. Nchini Tanzania suala hili limepata uzito mpya tangu mwaka 2023, serikali ilipoondoa katazo la miaka mingi la mabasi ya abiria kusafiri usiku kucha.

2.0 Lugha mbili za mradi mmoja

Katika mazingira ya Tanzania, mradi wa namna hii una sura mbili za kilugha. Mwanafunzi amefundishwa kwa Kiingereza tangu shule ya sekondari, na ripoti yake ataiandika kwa Kiingereza. Dereva, mtu wa karakana na abiria watakipokea kifaa kwa Kiswahili. Kwa hiyo maelezo ya matumizi mara nyingi huwa tafsiri iliyofanywa usiku wa mwisho kabla ya kukabidhi kazi. Kwa maoni yetu, hapo ndipo hatari inapoanzia.

Tuchukue suala la saa. Uchunguzi wa usingizi umeonyesha kwamba mwili wa binadamu hulemewa zaidi kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili alfajiri. Katika maandishi ya Kiingereza muda huo huandikwa kwa tarakimu 2 na 6. Mwanafunzi akizihamisha tarakimu hizo kama zilivyo, atapata sentensi (1):

(1) Uwe mwangalifu zaidi kuanzia saa 2 hadi saa 6 usiku.

Sentensi hii haina kosa la kisarufi, na mhakiki wa lugha angeipitisha. Hata hivyo, inamtahadharisha dereva kwa saa ambazo bado ana nguvu, kisha inamwacha peke yake saa zinazoua. Hakuna kanuni ya uandishi wa ripoti itakayolifichua kosa hili. Litafichuliwa na mtu anayejua kwamba maandishi yatasomwa na dereva mwenye saa ya Kiswahili kichwani.

3.0 Upatanisho wa kisarufi na usalama

Mfano wa pili unahusu ngeli. Istilahi nyingi za ufundi wa magari zilizokopwa, na hata baadhi ya zile za asili, huangukia ngeli ya I-/ZI-: injini, betri, swichi, taa, kengele. Matokeo yake ni kwamba kipatanishi kimoja hubeba mzigo wa vitu vingi:

(2) Kengele ikilia na taa ikiwaka, izime kabla ya kuendelea na safari.

Je, kinachozimwa ni kengele, taa, au injini ambayo haikutajwa? Mzungumzaji angeonyesha kwa kidole. Mwandishi hana kidole. Kundi letu linaweza kuchagua jina la ngeli nyingine:

(3) King'ora kikilia na taa ikiwaka, kizime kabla ya kuendelea na safari.

Sasa utata umekwisha bila kuongeza neno. Ikumbukwe kwamba si kila badiliko la ngeli linafaa. Neno mlio lingetupatia kitenzi uzime, ambacho chaweza kusomwa ama kama amri yenye kiambishi cha mtendwa, ama kama dhamira tegemezi yenye nafsi ya pili. Uteuzi wa istilahi, kwa hiyo, si suala la usanifishaji pekee, kazi ambayo BAKITA limekabidhiwa tangu mwaka 1967. Ni sehemu ya usanifu wa kifaa, sawa na uteuzi wa waya.

Kauli ya kutendwa nayo huleta taabu yake. "Kifaa kikaguliwe kila wiki" ni sentensi yenye heshima ya kiofisi, ila haimtaji mkaguzi. Dereva atadhani ni kazi ya karakana, na karakana itadhani ni kazi ya dereva.

4.0 Nani mlengwa?

Wanafunzi wengi humhesabu dereva pekee kuwa msomaji. Jaribio lililofanywa Kenya mwaka 2008 na James Habyarimana na William Jack, wa Chuo Kikuu cha Georgetown, linatoa funzo tofauti. Wao walibandika ndani ya matatu vibandiko vilivyowahimiza abiria wamkemee dereva anayeendesha vibaya. Madai ya bima yalipungua kwa nusu au zaidi katika magari yaliyohusika. Hapakuwa na mtambo wowote. Maneno yenyewe ndiyo yaliyokuwa kifaa, na msomaji wake alikuwa amekaa kiti cha nyuma.

Kutokana na hayo, tunapendekeza kwamba maelezo ya Kiswahili yaandikwe mwanzoni mwa mradi, kabla chuma hakijakatwa. Kisha mtu asiyehusika na mradi apewe karatasi hiyo na kifaa cha mfano, naye afanye kila hatua huku wanafunzi wakitazama kimya. Kila anaposita, mahali hapo pawekewe alama. Kunyamaza huku ni kugumu kwao kuliko hesabu za saketi, na mwalimu hana budi kukusimamia kwa ukali.