Kutengeneza, Kugeuza, Kupakua: Vitenzi vya Kiswahili katika Ukarabati wa Vikuza Nguvu vya Redio

Msemaji wa Kiswahili anapotajiwa amplifaya, tafsiri inayomjia kwanza ni kikuza sauti. Kwa chombo kinachowekwa msikitini, kanisani au kwenye ukumbi wa harusi, neno hilo halina kasoro. Likihamishiwa kwenye kituo cha redio ya ridhaa, hata hivyo, hupotosha. Redio ya ridhaa, kama zilivyo ndondi za ridhaa, ni shughuli ya mtu aliyepewa leseni ya kurusha mawimbi bila malipo, kwa ajili ya kujifunza, kuwasiliana na kufanya majaribio. Kisambaza mawimbi chake kwa kawaida hutoa wati 100 hivi. Kikuza kilichounganishwa baada yake hupokea wimbi hilo na kulitoa likiwa na nguvu mara kumi au zaidi kabla ya kulipeleka kwenye antena. Hakuna sauti inayopita humo. Mwendeshaji anayetuma nukta na mistari ya Morse, bila kutamka neno hata moja, hukitumia chombo hichohicho. Jina linalostahili basi ni kikuza nguvu, ilimradi neno nguvu lichukuliwe kwa maana ya kile kinachopimwa kwa wati, na lisichanganywe na kani.

Kasoro hiyo ya jina ni ndogo na imesharekebishika. Iliyo kubwa zaidi iko kwingine. Kazi ya kuunda istilahi za sayansi, ambayo matunda yake mojawapo ni Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa mwaka 1990 na iliyokuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ilielekezwa zaidi kwenye majina ya vitu na dhana: ukinzani, mkondo, kapasita, kihami. Hilo linaeleweka, kwa kuwa orodha ya istilahi hupenda nomino. Lakini fundi aliyeinamia chombo kilichofunguliwa hashughuliki sana na majina. Anauliza kimepatwa na nini, afanye nini kwanza na nini baadaye, na nani alikigusa kabla yake. Hayo yote ni maswali ya vitenzi. Na katika chombo chenye umeme wa volti 3,000, kitenzi kisichotosheleza kinaweza kumuua mtu.

Mfano mmoja utafaa kuliko maelezo ya jumla. Kikuza cha Heathkit SB-220 kilibuniwa huko Benton Harbor, jimbo la Michigan, nchini Marekani, na kuuzwa katika miaka ya 1970. Kiliuzwa kikiwa vipande ndani ya katoni, na mnunuzi alikiunda mwenyewe kwa kufuata kitabu cha maelekezo kilichokuwa na nafasi ya kutia alama kila hatua inapokamilika. Ndani yake mna valvu mbili za aina ya 3-500Z, transfoma kubwa inayoweza kufungwa kwa umeme wa volti 120 au 240, na safu ya kapasita nane zilizofuatana, kila moja ya mikrofaradi 200 na volti 450. Kiwanda kiliacha biashara ya vyombo vya kujiundia mwaka 1992, lakini vikuza hivyo bado vinafanya kazi katika vituo vingi. Kwa umri wake, kila kimoja ama kimekwisha kukarabatiwa au kinasubiri kukarabatiwa.

Katika karakana nyingi za Afrika Mashariki, jibu la kwanza kuhusu chombo kibovu ni kwamba kimeungua. Ni jibu la kweli na lisilosaidia. Kuungua humweleza mwenye mali kwamba atalipa. Hakumwelezi fundi mwenzake pa kuanzia. Kinachovutia ni kwamba lugha hiyohiyo ya karakana ina vitenzi vingine vinavyogawa kuungua huko katika mafungu yaliyo bayana, ila vimeachwa nje ya istilahi rasmi kwa sababu vinaonekana vya kawaida mno.

Kitu kinaweza kukatika. Fyuzi hukatika, uzi wa kupashia joto ndani ya valvu hukatika, na kikinza kilichozeeka hukatika bila kuonyesha alama yoyote kwa nje. Dalili ni moja: kipimo cha ukinzani hakioni njia. Kinyume chake ni kushikana, ambako mafundi wengine hukuita kupiga shoti. Valvu ya 3-500Z inajulikana kwa kasoro ya gridi kushikana na uzi wa joto; hapo mshale wa kipimo hulala kwenye sifuri mahali ambapo haukupaswa kusogea hata kidogo. Kisha kuna kukauka. Kapasita za elektroliti zina majimaji ndani, na miaka inapopita, hasa karibu na joto la valvu, hukauka. Kapasita iliyokauka haikukatika wala haikushikana; imepungukiwa uwezo wa kuhifadhi, na kikuza huanza kutoa wimbi lenye mngurumo. Valvu nayo huchoka, yaani uzi wake hautoi tena elektroni za kutosha, na nguvu hupungua mwezi hadi mwezi pasipo siku ambayo mtu anaweza kusema ndipo ilipoharibika. Ikiingiwa na hewa, hayo ni mauti ya mara moja.

Kitenzi kuvuja kinahitaji tahadhari, kwani kina maana mbili katika mahali pamoja. Kapasita inaweza kuvuja majimaji, jambo linaloonekana kwa macho; inaweza pia kuvuja mkondo, yaani kuupitisha umeme ambao ilipaswa kuuzuia, jambo lisiloonekana. Fundi mwenye busara hutaja kinachovuja. Kwa jumla, vitenzi hivi vya hali vina sifa moja yenye manufaa: hueleza lililotokea bila kumtaja mtenda. Kutaja hali kabla ya kutaja mkosaji ndiyo tabia njema ya uchunguzi. Kubadilisha valvu ghali kwa sababu kikuza kimeungua, kumbe kilichokatika ni fyuzi, ni ada inayolipwa kwa uvivu wa msamiati.

Suala la usalama ndilo linaloleta uzito wote. Simu ya mkononi imewazoeza wasemaji usemi mmoja: chaji imeisha. Simu ikiisha chaji huzima, na kwa hiyo katika fikra za msemaji kuzima na kuisha chaji vimekuwa ndugu wa tumbo moja. Katika kikuza nguvu mambo ni kinyume. Chombo kimezimwa na taa zake zimekufa, lakini chaji ingali imejaa ndani ya kapasita. Kapasita nane zilizotajwa, kwa kuwa zimefuatana, ni sawa na moja ya mikrofaradi 25. Zikibeba volti 3,000 zinahifadhi nishati ya jouli 112 hivi. Kiasi hicho kinatosha kuusimamisha moyo wa mtu.

Maelekezo ya Kiswahili yanapaswa basi kutenga hali tatu ambazo mazungumzo ya kila siku huzichanganya: chombo kilichozimwa, chombo kilichochomolewa, na chombo kilichopakuliwa. Kuzima ni kazi ya swichi, kuchomoa ni kazi ya mkono kwenye plagi, na kupakua ni kuiondoa chaji iliyobaki. Wapo watakaodai kwamba kutoa chaji kunatosha. Kunatosha kwa maana, lakini kupakua kuna faida ya kuwa jozi ya kupakia, kama kufungua kulivyo jozi ya kufunga na kuzibua jozi ya kuziba. Kipashio cha kutendua kilicho ndani yake humkumbusha msikilizaji kwamba kuna kitu kilipakiwa, na kwamba hakitashuka pasipo mtu au kitu cha kukishusha. Pakua ya chakula na pakua ya mafaili ya intaneti hazitaleta mgongano; muktadha wa karakana utazitenganisha.

Hapa hujitokeza umuhimu wa kirejeshi -ji-. Kila kapasita katika safu ile imefungiwa ubavuni kikinza cha omu 30,000 ambacho, pamoja na kugawa volti kwa usawa, ni kikinza cha kupakulia. Kapasita kwa hiyo hujipakua. Hesabu yake ni nyepesi: kila baada ya sekunde 6 volti hushuka hadi kiasi cha asilimia 37 ya zilivyokuwa, na baada ya sekunde 30 zile volti 3,000 zimebaki 20 tu. Lakini kikinza hukatika, kama ilivyokwisha kuelezwa, na kapasita ambayo kikinza chake kimekatika hubaki na volti mamia wakati wenzake wamekwisha kupoa. Sentensi inayosema kwamba kapasita hujipakua ni ya kweli kuhusu ubunifu wa chombo. Haiwi kweli kuhusu chombo hiki kilichopo mezani mpaka kipimwe. Ndiyo maana mafundi wazoefu, baada ya kuchomoa na kusubiri, huipima safu, kisha huigusisha na chasisi kwa fimbo ya kihami yenye ndoana, waya na kikinza, na kuiacha ndoana hapohapo muda wote wa kazi.

Sasa kuhusu kutengeneza. Kitenzi hiki katika Kiswahili hubeba kuunda kitu kipya na kukirudisha kilichoharibika katika hali yake. Karakana zimekiongezea maana ya tatu, kukibadilisha kiwe bora. Mara nyingi mchanganyiko huo hauna madhara. Waya wa kuamrisha rilei wa SB-220 una zaidi ya volti 100, na redio za kisasa haziwezi kuuhimili. Wengi hufunga sakiti ndogo ya transista ili volti hizo zishuke hadi 12 hivi. Wengine huongeza kikinza na rilei ili mkondo uingie polepole wakati wa kuwasha, kwa kuwa uzi wa valvu ukiwa baridi hufyonza mkondo mwingi mno. Kuna hata mageuzi ambayo kwa hakika ni urejeshaji. Mwaka 1978, kwa sababu ya watu waliotumia vikuza isivyo halali kwenye masafa ya raia ya megahezi 27, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani ilizuia uuzaji wa vikuza vinavyofanya kazi kwenye bendi jirani ya mita 10. SB-221, iliyomrithi SB-220, ilitoka bila bendi hiyo, na wanaridhaa wenye leseni wakaifungua na kuirudishia kile ambacho ndugu yake mkubwa alizaliwa nacho. Kuna kejeli kidogo katika kukuita huko kugeuza.

Geuzo moja lakini linadai neno lake lenyewe. Vile vikinza vya omu 30,000 huchoma umeme wakati wote, karibu wati 5 kila kimoja, na joto lake ndilo linalozikausha kapasita. Kwa hiyo wanaobadilisha kapasita mara nyingi huweka vikinza vya omu 100,000. Joto hushuka hadi chini ya theluthi moja, na kapasita huishi zaidi. Ni uamuzi mzuri. Ila sasa kila hatua ya kushuka huchukua sekunde 20 badala ya 6. Fundi wa pili, aliyesoma kwamba nusu dakika inatosha, ataifungua mashine baada ya sekunde 30 na kukuta volti zipatazo 670.

Iwapo fundi wa kwanza aliandika katika daftari lake kwamba kikuza kimetengenezwa, hakusema uongo. Kitenzi kilimruhusu kunyamaza. Laiti angaliandika kwamba kimegeuzwa, mwenzake angalilazimika kuuliza kimegeuzwa nini. Pendekezo linalofaa kwa vyuo vya ufundi vinavyofundisha kwa Kiswahili ni kuvitenga vitenzi hivyo viwili: kutengeneza kubaki kwa kazi inayokirudisha chombo katika ubunifu wake, na kugeuza kwa kila kazi inayokiacha tofauti, hata tofauti hiyo ikiwa ni ya manufaa. Karatasi ya kubandikwa ndani ya kifuniko haihitaji kuwa ndefu. Itatosha ikisomeka hivi: “Vikinza vya kupakulia vimegeuzwa kutoka omu 30,000 kuwa omu 100,000. Zima. Chomoa. Subiri dakika tatu. Pima. Pakua kwa fimbo, na fimbo isiondolewe hadi kifuniko kinaporudishwa.” Chini yake huandikwa tarehe.