Vidonge vya Presha na Ugonjwa wa Kupooza

Mzee kalala mzima. Alfajiri anaamka, mkono wa kulia hauinuki, mdomo umekwenda upande, maneno hayatoki. Watu wanasema kapigwa na upepo, au kuna jirani kamfanyia. Sivyo. Ubongo wake umekosa damu: mshipa umeziba, au umepasuka. Huo ndio ugonjwa wa kiharusi, na presha ya juu ndiyo inayouleta kuliko kitu kingine.

Je, unaweza kuzuiwa? Ndiyo, ndugu msomaji. Viko vidonge vya presha vinavyoitwa amlodipini na nifedipini. Tuone vinafanya nini. Ukuta wa mshipa wa damu una misuli. Misuli hiyo haikazi mpaka kalsiamu iingie ndani yake, ikipitia katika vijilango vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Dawa hufunga baadhi ya vijilango hivyo. Basi msuli unalegea, mshipa unapanuka, presha inashuka. Kalsiamu ni ile ile iliyomo katika maziwa, lakini usiache maziwa kwa ajili hiyo! Mifupa yako inayahitaji.

Wataalamu hawakusema tu, walijaribu. Huko Ulaya walichukua watu 4,695 wenye presha, wa umri wa miaka 60 na zaidi. Watu 2,398 walianzishiwa nitrendipini, dawa ya jamii hiyo hiyo. Wengine 2,297 walipewa vidonge visivyo na dawa ndani yake. Mwaka 1997 kazi hiyo ilisimamishwa kabla ya wakati. Katika wale waliokosa dawa, 77 walikuwa wamepata kiharusi. Katika waliopewa, 47. Na kwetu Afrika? Mwaka 2019 yalitolewa matokeo ya uchunguzi wa watu 728 wa nchi sita, Kenya na Uganda zikiwamo. Amlodipini pamoja na dawa nyingine ilishusha presha kuliko mchanganyiko usio na amlodipini.

Sasa taabu yenyewe. Presha haiumi. Mtu anameza vidonge wiki tatu, anajiona mzima, anampa shemeji vilivyobaki. Kumbe presha inapanda tena kimya kimya. Wengine huacha kwa kuwa miguu imevimba. Ni kweli, amlodipini huweza kuvimbisha miguu. Mwambie mganga, atapunguza au atabadilisha. Usiamue peke yako.

Tena iko desturi mbaya: kutoboa kidonge laini cha nifedipini na kukiweka chini ya ulimi ili presha ishuke upesi. Presha ikianguka ghafula ubongo hukosa damu, na dawa ya kuzuia kiharusi ndiyo ikakileta! Madaktari walionya juu ya jambo hilo mwaka 1996.

Mkono ukishapooza, vidonge hivi haviurudishi. Mgonjwa asipewe kidonge wala maji, maana anaweza kupaliwa. Mpelekeni hospitali saa ile ile, na mkumbuke ugonjwa ulianza saa ngapi, kwa sababu mganga atawauliza.