Vifuko vya Joto kwa Asubuhi za Kipupwe

Ndugu wasomaji mlioko pwani huenda mkacheka mkisoma habari hizi, maana kwenu mtu hutafuta upepo, hatafuti moto. Lakini sisi tukaao nyanda za juu za kusini twakijua kipupwe. Mji wa Njombe uko karibu meta 2,000 juu ya bahari, na uwanda wa Kitulo, huko Makete, wapita meta 2,500. Tangu Juni hata Agosti alfajiri ni kali, na huko Kitulo ziko siku nyasi huamka nyeupe kwa sakitu. Mtoto afikapo shuleni vidole vyake vimekufa ganzi. Aambiwa andika, kalamu yamponyoka. Walimu wenzangu, tusimhesabu kuwa mvivu.

Katika nyumba nyingi dawa ya baridi ni moja tu, nayo ni jiko la mkaa. Jioni hupikiwa chakula, kisha huchukuliwa chumbani, mlango na dirisha vikafungwa, watu wakalala. Jambo hili laua. Mkaa uwakao hutoa hewa yenye sumu, isiyo na rangi wala harufu, nayo hushikamana na damu kwa nguvu ipitayo mara 200 nguvu ya hewa njema tuivutayo. Hivyo damu haina nafasi tena ya kuchukua ile njema. Mtu huumwa kichwa, hulegea, husinzia. Naye hadhani kwamba yumo hatarini, hudhani kwamba usingizi umekuwa mtamu. Wala tusidanganyike kwa kuwa moshi umekwisha na makaa yamekuwa mekundu mazuri, maana hata hapo sumu ingali ikitoka. Basi jiko na libaki nje, na joto lake tu ndilo liingie ndani. Kwa kazi hiyo mfuko mdogo wa nguo, uliojazwa nafaka, watosha.

Twaa nguo ya pamba tupu: kipande cha kanga kuukuu, au shuka, au shati lililochakaa kwenye kola tu. Nguo za nailoni hazifai hata kidogo, kwa kuwa huyeyuka zikipata moto na kugandamana na ngozi. Kata vipande vinne vya mraba, kila upande sentimeta 10, upate vifuko viwili. Weka viwili viwili, uso kwa uso, ushone sentimeta moja kutoka ukingoni, na kila hatua sindano irudi nyuma kidogo ndipo iende mbele. Mshono wa haraka haraka utamwaga nafaka njiani. Acha mlango wa vidole viwili. Pindua kifuko, utie nafaka kiasi cha theluthi moja ya kikombe cha chai, kisha uzibe. Usikijaze hata kikawa kigumu kama jiwe, maana kifuko chema hujikunja katika kiganja.

Nafaka yenyewe ni mchele, au ngano, au mahindi yaliyopukuchuliwa. Mahindi ya bisi yasitumike. Kila mtu ajua yatakavyofanya. Tena angalieni sana: mbegu za dukani zilizopakwa dawa ya rangi, na mahindi ya ghalani yaliyochanganywa na unga wa kuua wadudu, visitiwe kamwe. Dawa hiyo ikipata joto hupanda puani, na mtoto hupenda kukiweka kifuko shavuni. Wako wazee watakaonung'unika kwamba chakula kinachezewa. Wana haki yao, nao wapewe mchele uliovunjika, au mchanga mkavu uliooshwa, ila mchanga huhitaji nguo nzito yenye nyuzi za kubana.

Kukipasha joto ni hivi. Asubuhi, chai ikiisha kuiva, weka sufuria kavu juu ya makaa yaliyofifia, tia sahani ya bati ndani yake, vifuko juu ya sahani, ufunike. Vigeuze mara kwa mara kwa muda wa dakika chache, wala usiondoke hapo. Wenye jiko la mikrowevu huviweka humo nusu dakika tu, pamoja na kikombe cha maji kando yake. Punje ina maji kidogo ndani yake, na kila ipashwapo hupungukiwa. Ikikauka mno huungua, hata yaweza kushika moto. Ukisikia harufu ya kuungua, mimina nafaka hiyo nje, utie nyingine.

Kabla ya kumpa mtoto, mama na akiweke kifuko ndani ya kifundo cha mkono wake mwenyewe, akihesabu hata kumi. Kikimchoma yeye, mtoto asipewe bado. Kadhalika mtu mwenye ganzi mikononi, kama wengi wenye kisukari, asijipimie mwenyewe, maana ataungua asijue. Ndani ya mfuko wa koti joto hukaa kiasi cha nusu saa, nao ndio mwendo wa watoto wengi kwenda shule.

Kwa kitanda, shona mkubwa wa sentimeta 20 kwa 30, uuweke chini ya blanketi kabla ya kulala, kisha uutoe mtoto mchanga asijalazwa.

Kifuko chenye nafaka hakifuliwi. Kishonee foronya ndogo, ufue hiyo. Mchana kianikwe mahali pakavu, mbali na panya. Na kipupwe kikiisha, fumua mshono, uwamwagie kuku nafaka ile, wala usiipande, haitaota. Nguo uifue na kuikunja hata mwaka ujao.